Udongo wa kichuguu, nyuzi za saki: namna ya kutia nguvu matofali ya Likasi

Mtu akitoka Lubumbashi kuja Likasi kwa barabara, mwendo wa kilomita karibu 120, vitu viwili havimwishi machoni: malori na vichuguu. Vichuguu vya Katanga si vya mchezo. Vingine vinapita nyumba kwa urefu, na miti inaota juu yake. Mwaka 2015 watafiti waliopima umri wa vichuguu vya pande za Lubumbashi walitangaza kwamba kimoja kilikuwa na zaidi ya miaka 2000. Maana yake mchwa walianza kukijenga mbele ya Yesu kuzaliwa, na kilibaki kimesimama mu mvua zote hizo.

Sisi tunakikata kwa wiki moja. Tunachimba, tunakanyaga, tunapiga matofali, na mwaka unaofuata ukuta unaanza kupasuka. Basi watu wanauliza: udongo ni ule ule, mvua ni ile ile, juu ya nini ukuta yetu haikai?

Katika ukurasa huu tunataka kueleza jibu moja ambalo mainjinieri wa nchi nyingi wamelifanyia kazi kwa zaidi ya miaka arobaini: kuchanganya udongo wa mfinyanzi na nyuzi fupi za plastiki. Tunalieleza kwa sababu vitu vyote vinavyotakiwa viko hapa Likasi: udongo, chokaa, na masaki matupu. Lakini tunataka pia kusema waziwazi kile nyuzi haziwezi kufanya, maana kwa mambo ya ujenzi, kuamini nusu ya habari kunaweza kuangusha nyumba juu ya watoto.

Tofali la Katanga lina bei mbili

Kwetu kuna njia mbili za kujenga kwa udongo. Ya kwanza ni tofali la kuchoma. Tunachukua udongo wa kichuguu, kwa sababu mchwa wamekwisha kuuchuja: wanabeba chembe ndogondogo kutoka chini, wanaziunganisha kwa mate, mawe makubwa wanayaacha. Tunapiga matofali mu kalibo, tunayaanika, tunayapanga kuwa tanuri, halafu tunachoma kwa kuni siku na usiku. Tofali linatoka jekundu na gumu. Bei ya kwanza ni ile tunayolipa kwa mwenye tanuri. Bei ya pili inalipwa na pori. Kila tanuri inakula miti, na miti hiyo ya miombo njo ile ile tunayoitafuta kwa makala ya kupikia. Mwenye umri wa kutosha anakumbuka pori lilianza wapi ukitoka mjini, na leo linaanza wapi.

Njia ya pili ni tofali bichi, lile watu wanaita adobe. Hili halitaki kuni. Linakaushwa tu na jua, na mtu mwenye mikono na rafiki wawili anaweza kupiga matofali ya nyumba yake mwenyewe. Ndiyo nyumba ya mtu asiye na mengi, kwenye parseli zinazopanda mlima pembeni ya muji. Ila Likasi si muji wa tambarare, na mvua yetu si ndogo: pande hizi za juu za Katanga zinapata karibu milimita 1200 kwa mwaka, na karibu yote inaanguka kati ya Novemba na mwanzo wa Aprili. Tofali bichi linakunywa maji, linalainika, na ukuta unaanza kuliwa kutoka chini.

Kati ya njia hizi mbili kuna ya tatu, nayo si mpya: tofali bichi lililotiwa nguvu. Linashindiliwa kwa masini ya mkono, linatiwa simenti kidogo au chokaa, halichomwi. Masini iliyofungua njia hiyo inaitwa CINVA-Ram. Ilitengenezwa Bogotá, Kolombia, mu miaka ya 1950 na injenieri Raúl Ramírez, na tangu hapo watoto wake wameenea Afrika yote. Uganda na Kenya wanajenga hata mashule kwa matofali ya namna hiyo. Nyuzi tunazozizungumzia leo zinaingia kwenye tofali hili la tatu.

Udongo unashindwa wapi

Kuelewa kazi ya nyuzi, lazima kuelewa kwanza ugonjwa wa udongo.

Udongo mkavu uliokandamizwa unavumilia uzito. Weka tofali juu ya tofali, weka bati juu, utabeba. Kile usichoweza ni kuvutwa. Ukiuvuta, au ukiupinda, unakatika ghafla, bila kutoa onyo. Ndiyo maana ufa unaanza pembeni ya dirisha na juu ya mlango: pale uzito haukandamizi tu, unavuta pia.

Tena udongo wa mfinyanzi unapumua maji. Ukinyesha, unavimba. Ukikauka, unanywea. Chembe zake ni ndogo sana na bapa kama karatasi, na maji yanaingia kati yao. Udongo mweusi wa mu dembo njo mbaya zaidi: wakati wa jua unapasuka mpaka mguu wa mtoto unaingia, wakati wa mvua unajaa na kusukuma kila kitu kilichojengwa juu yake. Udongo mwekundu wa milimani unavimba kidogo kuliko huo. Wa kichuguu uko na chembe ndogo nyingi, kwa hiyo unashikana vizuri, lakini unanywea sana ukikauka. Tofali la kichuguu kitupu, bila mchanga, mara nyingi linapasuka hata mbele ya kufika kwenye ukuta.

Kwa hiyo magonjwa ni matatu: hauvumilii kuvutwa, unapasuka ukikauka, unayeyuka ukilowa. Msomaji ayakumbuke matatu haya. Nyuzi zinatibu mawili ya kwanza. La tatu hazilitibu.

Wazee walijua, na mchwa pia walijua

Kuweka nyuzi mu udongo hakukuanza na plastiki. Mwenye kusoma Biblia anajua, mu kitabu cha Kutoka, sura ya 5, Farao aliwaadhibu Waisraeli kwa kuwanyima majani ya kutia katika matofali, na hesabu ya matofali ikabaki ile ile. Adhabu ilikuwa kubwa kwa sababu majani hayakuwa pambo, yalikuwa sehemu ya tofali. Karibu na Baghdad, mnara wa Aqar Quf umesimama zaidi ya miaka 3000. Wajenzi wake waliweka mikeka ya matete kati ya tabaka za matofali mabichi, na matete hayo yanaonekana mpaka leo.

Na kwetu? Mama akikandika nyumba ya miti kijijini anachanganya nyasi zilizokatwa mu udongo. Hakusoma polytechnique, lakini anajua kwamba bila nyasi ukuta utapasuka ukikauka.

Shida yetu ya Katanga iko moja: mchwa. Wale wale waliotufanyia udongo mzuri wanakula nyasi, wanakula majani, wanakula fito. Nyasi ndani ya ukuta ni chakula. Mu Iraki, nchi kavu, matete yanaweza kukaa miaka maelfu. Likasi, ukuta ukipata unyevu, majani yanaoza au yanaliwa, na yanaacha matundu. Njo hapo plastiki inapoingia mu habari yetu. Polipropileni, ile plastiki ya masaki na ya kamba, haiozi, hainywi maji, na mchwa hapati chakula ndani yake.

Kutoka kwa Vidal mpaka Nanjing

Kwa upande wa sayansi, jina la kwanza ni la Mfaransa, Henri Vidal. Mwaka 1963 alipata hataza ya kile alichokiita Terre Armée, udongo wenye silaha: tabaka za udongo, na kati yake mikanda mirefu ya chuma. Udongo unakandamiza mikanda, mikanda inashika udongo kwa msuguano, na ukuta mrefu unasimama peke yake. Leo madaraja na barabara nyingi za dunia zinashikwa na kuta za namna hiyo.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980, Wafaransa wengine wa maabara ya Ponts et Chaussées, pamoja na Étienne Leflaive, walifika mbali zaidi. Waliacha mikanda, wakachukua uzi mwembamba wa polyester, wakaupuliza pamoja na mchanga. Mchanga mtupu hauwezi kusimama wima. Ule wa kwao, walioupa jina Texsol, ulisimama karibu kama ukuta. Uzito wa uzi ulikuwa kama gramu moja au mbili tu katika kilo moja ya mchanga.

Halafu ikaja zamu ya mfinyanzi. Mwaka 2007 timu ya Chaosheng Tang na Bin Shi, ya Nanjing, Uchina, ilitangaza majaribio yanayotajwa sana na wanaofanya kazi hii. Walichukua udongo wa mfinyanzi, wakatia nyuzi za polipropileni za milimita 12, kwa vipimo vitatu: gramu 50, gramu 150 na gramu 250 kwa kila kilo 100 za udongo. Sehemu nyingine walitia simenti pia, kilo 5 au kilo 8 kwa mia. Walikuta nini? Udongo wenye nyuzi ulibeba uzito zaidi. Lakini kilicho muhimu zaidi ni namna ulivyovunjika. Ule wa simenti tupu ulipasuka ghafla, sawa vile sahani. Ule wenye simenti na nyuzi ulipinda, ukafungua nyufa ndogo, na ukaendelea kushikilia.

Kwa mtu anayelala ndani ya nyumba, tofauti hiyo si ya kitabu. Ukuta unaokatika ghafla usiku haukupi nafasi. Ukuta unaopasuka polepole unakuonyesha ufa asubuhi, na unapata muda wa kutoa watoto, kuweka miti ya kusimamisha, kuita fundi.

Kazi ya uzi ni rahisi kuelewa. Tuchukue ufa unaotaka kufunguka. Ng'ambo moja na ng'ambo nyingine ya ufa, uzi umefukiwa na udongo uliokandamizwa. Ili ufa ufunguke lazima uzi ukatike au uchomoke. Polipropileni haikatiki kwa urahisi, na kuchomoka kunapingwa na msuguano wa chembe zinazoubana. Zidisha uzi huo mara maelfu, zimelala kila upande, na ufa haupati njia ya kupita. Ndiyo maana kushindilia ni muhimu kuliko nyuzi zenyewe: udongo usiobanwa haushiki uzi.

Saki tupu la soko

Viwanda vya ng'ambo vinauza nyuzi hizi mu vifurushi, zimekatwa tayari. Kuzileta mpaka Haut-Katanga ni gharama ambayo mjenzi wa parseli moja hataiweza. Lakini polipropileni tunayo. Masaki meupe ya kufuma, yale watu wanaita ya rafia, ya unga, ya mchele, ya sukari, ya mbolea, yametengenezwa kwa plastiki hiyo hiyo. Yakichakaa yanaishia kwenye mitaro, yanaziba maji, na maji yaliyozibwa yanaingia mu nyumba.

Tufanye hesabu pamoja. Tofali la kushindilia la ukubwa wa kawaida lina kilo karibu 8. Nyumba ndogo ikitaka matofali 2000, hiyo ni tani 16 za udongo. Tukichukua kipimo cha gramu 250 kwa kilo 100, tunahitaji kilo 40 za nyuzi. Saki tupu la kilo 50 kwa kawaida lina uzito wa gramu 60 mpaka 100. Tuseme 80. Basi nyumba moja inakula masaki 500. Si machache, lakini si ya kutisha kwa soko la muji mzima.

Shida kubwa ni kukata. Utepe wa saki ni bapa, una upana wa milimita mbili au tatu. Unatakiwa kukatwa urefu wa sentimita 2 au 3, kufumuliwa, na kuachanishwa mmoja mmoja. Ukitupa vipande vya kitambaa vilivyoshikana, hujatia nyuzi, umetia takataka, na pale kwenye kipande udongo hautashikana kabisa. Tena utepe ni laini, unateleza kuliko nyuzi za kiwanda. Matokeo ya Nanjing si lazima yapatikane vile vile kwa nyuzi za saki. Kwa hiyo kila mtu ajaribu kwanza mbele ya kujenga.

Na hapa kuna onyo ambalo katika muji wa migodi haliwezi kuachwa. Saki lililobeba mawe ya shaba au kobalti, au dawa za kiwanda, lisiingie mu nyumba. Vumbi lake linakaa ndani ya ufumaji hata ukiosha. Bamama na batoto ndio watakaokaa kukata masaki hayo, vumbi likiingia puani. Masaki ya chakula, yaliyooshwa na kukaushwa, yanatosha.

Namna ya kujaribu mbele ya kujenga

Mtu asianze na matofali 2000. Aanze na sanduku.

Fundi atengeneze sanduku la mbao, ndani urefu sentimita 60, upana 4, kina 4. Alipake mafuta ndani. Alijaze udongo uliolowa, aukandamize vizuri kwenye pembe, aukwangue juu. Auweke juani siku tatu au kivulini siku saba. Ukikauka, asukume udongo wote upande mmoja na apime nafasi iliyobaki.

Nafasi ikiwa chini ya sentimita 1.5, sehemu moja ya simenti kwa sehemu 18 za udongo inatosha. Ikiwa kati ya 1.5 na 3, moja kwa 16. Kati ya 3 na 4.5, moja kwa 14. Kati ya 4.5 na 6, moja kwa 12. Ikipita 6, mfinyanzi ni mwingi: atie mchanga na arudie kipimo. Udongo wa kichuguu kitupu usishangaze mtu ukitaka mchanga. Kipimo hiki kinatumiwa tangu zamani na wajenzi wa matofali ya kushindilia, na gharama yake ni mbao tatu.

Halafu atengeneze sanduku la pili, udongo ule ule, pamoja na nyuzi. Ayalaze pembeni moja kwa nyingine. Kama nyuzi zinafanya kazi, la pili litakuwa na nyufa chache na nyembamba. Kama hakuna tofauti, hana haja ya kukata saki hata moja.

Kwa kuchanganya, mpango unahesabika. Udongo uchujwe na uwe mkavu. Nyuzi zinyunyizwe kidogo kidogo, kwa mkono, mtu mwingine akigeuza kwa mpauro. Simenti au chokaa ifuate. Maji yaje mwisho. Ukitia maji mbele ya nyuzi, zinashikana kuwa mipira. Kipimo cha maji: chukua konzi, bana, liachie likianguka kutoka usawa wa bega mpaka chini pagumu. Likivunjika vipande vichache, maji ni ya kutosha. Likibaki bonge bapa, ni mengi. Likitawanyika kuwa unga, ni machache. Na nyuzi zisizidishwe. Zikipita nusu kilo kwa kilo 100, udongo unakuwa kama sponji, masini haiwezi kuukandamiza, na tofali linatoka jepesi na dhaifu. Hapa wingi hauongezi nguvu, unaipunguza.

Jaribio la mwisho njo linaloamua. Tofali likimaliza kukomaa, litie mu ndoo ya maji usiku mzima. Tofali la udongo na nyuzi bila simenti wala chokaa, asubuhi utakuta matope, na nyuzi zinaelea juu. Huo ni ugonjwa wa tatu tuliousema. Nyuzi zinashika udongo ulio mgumu. Udongo ukiwa matope hazina cha kushika.

Chokaa iko mlangoni

Basi maji yanazuiwa na nini? Na simenti au chokaa, halafu na ujenzi wenye akili.

Kwa udongo wenye mfinyanzi mwingi, chokaa inafaa sana, kwa sababu inafanya kazi na mfinyanzi wenyewe: inaubadilisha, inaupunguzia hamu ya maji, na polepole inaunda gundi. Likasi ina bahati ambayo miji mingi haina. Kakontwe, mlangoni mwa muji, kuna mawe ya chokaa yanayojulikana na wanajiolojia dunia nzima. Tabaka lote la mawe hayo mu Katanga linaitwa kwa jina la Kakontwe. Kwa miaka mingi viwanda vya shaba vilitegemea chokaa kusafisha madini. Chokaa iliyojenga viwanda inaweza kujenga pia kuta za raia.

Inatakiwa kilo 6 mpaka 10 kwa kilo 100 za udongo, na inatakiwa subira. Simenti inataka tofali likae na unyevu, limefunikwa, wiki moja au mbili. Chokaa inataka mwezi mzima. Anayetaka kupiga matofali Oktoba na kujenga Novemba ameshachelewa. Kazi hii ni ya wakati wa jua, Mei mpaka Agosti.

Halafu yale ambayo hakuna uzi unaoweza kuyachukua nafasi: msingi wa mawe unaopanda juu ya ardhi, bati linalotoka nje ya ukuta ili maji yasiulambe, mtaro wa kupeleka maji mbali. Nyumba yenye haya matatu na tofali dhaifu itakaa kuliko nyumba yenye tofali zuri na bila haya.

Barabara na erozioni

Wengine watauliza: kama inafaa kwa tofali, kwa nini tusitie mu barabara na mu mashimo ya erozioni yanayokula avenyu?

Kwa barabara ya udongo, nyuzi pamoja na chokaa au simenti zinaweza kusaidia tabaka la chini lisikatike chini ya magurudumu. Hiyo ni kazi ya wenye mitambo: Office des Routes kwa barabara kuu, Office des Voiries et Drainage kwa njia za muji. Lakini barabara isiyo na mtaro haitaokolewa na uzi. Maji yakilala juu yake msimu mmoja, lori la kwanza litaimaliza.

Kwa shimo la erozioni, watu wanajaza masaki ya mchanga na kuyapanga. Inasaidia kwa muda. Ila saki likikaa juani, jua linalikausha na kulivunja: baada ya miezi, mwaka, linachanika lenyewe na mchanga unaondoka. Plastiki inaishi miaka mingi ikifukiwa, mbali na mwanga. Kwenye mteremko, kitu cha kwanza ni kuhamisha maji yanayoingia kwenye shimo, cha pili ni kupanda mianzi, vetiva na nyasi zenye mizizi ya kina. Mizizi nayo ni nyuzi, tofauti ni kwamba inaota yenyewe.

Upande wa hatari

Kuna mambo matatu tunayotaka msomaji asiyasahau.

La kwanza: tofali lenye nyuzi za plastiki lisichomwe kamwe. Polipropileni inayeyuka karibu na nyuzi joto 165, tanuri inapita 800. Plastiki itaungua, itaacha matundu, na moshi wake ni sumu kwa wachomaji na majirani. Vivyo hivyo lisijengwe mahali pa moto, sawa vile meko.

La pili: kile tunachofukia leo, watoto wetu watakifukua. Ukuta wenye nyuzi ukibomolewa, ukaachwa kuliwa na mvua, nyuzi zitashuka mu mito na mu mashamba. Ni kwa sababu hiyo ukuta upigwe plasta nje, na kifusi chake kirudi kuwa tofali au msingi, kisitupwe bondeni.

La tatu: sheria. Amri ya Waziri Mkuu ya tarehe 30 Desemba 2017 ilikataza kutengeneza, kuingiza, kuuza na kutumia masashe na mifuko ya plastiki nchini. Kila mmoja anaona mwenyewe mitaroni ilivyofuatwa. Kutumia masaki yaliyochakaa mu matofali kusigeuke kuwa sababu ya kuagiza plastiki mpya. Wengine wamechukua njia nyingine: Nairobi, Nzambi Matee, aliyetunukiwa na shirika la Umoja wa Mataifa la mazingira mwaka 2020, anayeyusha plastiki chakavu pamoja na mchanga kutengeneza matofali ya kutandika njia. Yeye anatumia plastiki kama gundi. Huku tunaitumia kama mizizi, kidogo sana, na gundi inabaki chokaa.

Kinachotakiwa sasa

Vipimo vya Nanjing vilifanywa kwa udongo wa Nanjing. Vya kichuguu cha Katanga, na chokaa ya Kakontwe, na nyuzi za masaki ya soko letu, vinatakiwa kufanywa hapa, kwa tofali kuvunjwa kwenye masini na namba kuandikwa. Tuna Université de Likasi, tuna Polytechnique ya Université de Lubumbashi, na Kinshasa tuna INBTP inayofundisha ujenzi. Kazi ya mwisho ya mwanafunzi mmoja, matofali mia moja, sanduku kumi za kukausha, ingetosha kumwambia mjenzi wa Kikula au wa Panda kipimo gani kinafaa na kipi ni kupoteza nguvu. Na matokeo yabandikwe kwenye ofisi ya komini, kwa Kiswahili, pale fundi anapopita. Yakibaki mu maktaba hayatasimamisha ukuta wowote.

Mpaka siku hiyo, mwenye parseli asingoje. Mbao tatu za sanduku, konzi ya udongo wake, masaki mawili safi, na wiki moja ya jua. Kama sanduku la pili halikupasuka na tofali halikuyeyuka mu ndoo, aanze kupiga matofali Mei, ili mvua ya kwanza ikute ukuta umekauka, umepigwa plasta, na mtaro umechimbwa.